Fidia na Haki ya Rufaa

Msomaji, yako maswali mawili ambayo watu huyachanganya kila siku, wakayafanya moja. Swali la kwanza ni hili: aliyedhulumiwa astahili kupata nini, na lini? La pili ni hili: mkosaji ana deni la kiasi gani? Maswali haya yakichanganywa, hutokea moja katika mambo mawili. Ama mdhulumiwa hukaa na njaa huku watu wakibishana juu ya hesabu. Ama mkosaji hutozwa zaidi ya deni lake ili mdhulumiwa apate shibe ya haraka. Katika insha hii tutajaribu kuyatenganisha, tupate kujua kama mtu aliyeamriwa kulipa fidia, naye akakata rufaa, ni mkimbia deni au ni mtafuta haki.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Adhabu ni uzito ambao taifa humtwika mkosaji kwa kuvunja sheria yake. Fidia ni kitu apewacho mdhulumiwa badala ya kile alichopotewa nacho. Faini huingia katika hazina ya serikali, lakini fidia huingia mkononi mwa aliyeumia. Mtu aweza kufungwa miaka mingi, na yule aliyevunjwa mkono asipate faida yoyote ila kujua kwamba adui yake yumo gerezani. Kifungo hakiungi mfupa, wala hakishoni wavu uliokatwa. Ndiyo maana sheria ya Kenya ya makosa ya jinai, katika kifungu chake cha 31, humruhusu hakimu kumwamuru mwenye hatia alipe fidia, ama juu ya adhabu nyingine ama badala yake. Rufaa, nayo, ni ombi kwa mahakama ya juu kwamba itazame upya uamuzi wa mahakama ya chini.

Sasa tuchukue mfano, nao ni wa kubuni. Katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Turkana kuna mahali paitwapo Eliye Springs. Hapo maji matamu ya chemchemi hububujika mchangani kati ya mikoma, karibu na ziwa ambalo maji yake yana magadi. Wako watu waishio hapo kwa mifugo, na wako waishio kwa samaki. Tuseme wavuvi wawili waligombania mahali pa kutega. Mmoja akainua kasia akampiga mwenzake, akamvunja mkono. Kisha kwa hasira akachukua kisu akazikata nyavu zake. Kesi ikapelekwa Lodwar, mwendo wa kiasi cha kilomita 60. Hakimu akamwona mshitakiwa ana hatia, akamwamuru alipe gharama za matibabu, bei ya nyavu kumi, na pato la miezi sita ambalo mwenzake alilikosa. Mkosaji akasikia amri, akanena: "Kumpiga nilimpiga, wala sikatai. Lakini nyavu nilizozikata zilikuwa tatu. Hizo saba nyingine zimetoka wapi?" Akakata rufaa.

Habari hiyo ikifika ufukoni, watu watasema nini? Aghalabu watasema kwamba mtu huyu hana haya. Amemvunja mwenzake mkono, amemnyima riziki, na sasa anajadili bei! Watataja methali ijulikanayo na wote, kwamba dawa ya deni ni kulipa. Watauliza: yule aliyevunjwa mkono, je, alipewa nafasi ya kukata rufaa kabla kasia halijamshukia?

Hoja hii ina nguvu, na hatupaswi kuipuuza. Dhuluma haikuomba ruhusa, basi kwa nini malipo yaombewe ruhusa mara mbili? Hata hivyo, tukiitazama vizuri tutaona kwamba imesahau jambo moja. Methali yasema dawa ya deni ni kulipa. Haisemi kwamba kila kiitwacho deni ni deni. Ikiwa nyavu zilizokatwa zilikuwa tatu, basi bei ya nyavu saba haimo katika deni hata kidogo. Ni mali ya mkosaji, ambayo yeye na watoto wake waitegemea. Kumnyang'anya mali hiyo kwa jina la fidia ni kuzaa dhuluma ya pili ili kuizika ya kwanza. Haki hairuhusu kumwibia mtu hata kama mtu huyo ni mwizi.

Tena tukumbuke jinsi amri kama hiyo inavyozaliwa. Hakimu ni mwanadamu. Kesi ya jinai huulizia zaidi kama mshitakiwa alitenda kosa au hakutenda. Mashahidi hutazamwa kwa jambo hilo. Habari ya bei na idadi huweza kuja mwishoni, kila mtu amechoka, pengine bila risiti, maana ni mvuvi gani awekaye risiti ya wavu alioununua miaka minne iliyopita? Mwenye kudai huweza kukosea hesabu bila nia mbaya, kwa kuwa maumivu hukuza kila kitu. Mwenye kudaiwa huweza kuwa hakuulizwa neno juu ya hesabu hiyo. Mahali ambapo makosa ni rahisi kutokea, mlango wa kuyasahihisha ni wajibu kuwapo.

Kwa sababu hii Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka mambo mawili katika ibara moja, nayo ni Ibara ya 50. Ndani yake mtu aliyetiwa hatiani amepewa haki ya kukata rufaa au kuomba mahakama ya juu iupitie uamuzi. Ndani ya ibara hiyo hiyo Bunge limeagizwa litunge sheria ya kuwalinda na kuwatunza wale waliotendewa makosa. Haki hizi mbili ni kama vibuyu viwili vya mzega: ukiondoa kimoja, mchukuzi hapati nafuu, bali huenda upande. Bunge lilitimiza agizo hilo mwaka 2014 kwa kutunga Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa, isemayo kwamba mdhulumiwa ana haki ya kurejeshewa au kufidiwa na mkosaji: kwa mali yake iliyoharibiwa, kwa mwili wake ulioumizwa, na kwa gharama za matibabu yake. Sheria hiyo humpa pia nafasi ya kuieleza mahakama madhara yaliyompata.

Basi tumekwisha kuona kwamba rufaa si uovu kwa asili yake. Lakini je, kila rufaa ni njema? Hapana. Rufaa ni kama kisu cha mvuvi: hufungua samaki, na pia hukata wavu wa jirani. Tuzipime sababu zake moja moja.

Mtu akisema, "Sikutenda," naye kweli hakutenda, rufaa yake ni ya haki kupita zote. Mtu akisema, "Nilitenda, lakini hasara haifiki kiasi hicho," rufaa yake ni ya haki ikiwa hesabu yake ni ya kweli. Mtu akisema, "Nilitenda, lakini hasara hiyo haikutokana na tendo langu, nyavu saba zilichukuliwa na dhoruba wiki moja kabla," naye astahili kusikilizwa, kwa kuwa mtu hulipia alichoharibu yeye, si kila kilichoharibika.

Iko sababu ya nne, nayo ni nzito zaidi kuipima. Mtu akisema, "Nilitenda, na hesabu ni sahihi, lakini mimi ni maskini, sina kitu," tumjibu nini? Wako wasemao kwamba umaskini wake umfutie deni. Walakini watu hao wamemsahau yule wa pili, ambaye pengine ni maskini kumshinda, na umaskini wake umeongezwa na kasia la huyu. Mimi naona kwamba umaskini ni sababu ya kuligawa deni, si sababu ya kulifuta. Aombe kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Aombe kulipa kwa samaki au kwa mbuzi ikiwa mwenziwe yu radhi. Mahakama itazame kwamba watoto wake hawafi njaa, maana watoto hawakumpiga mtu. Lakini deni lenyewe na lisimame.

Sababu ya tano haisemwi mahakamani kamwe, ijapokuwa imo ndani ya mioyo. Mtu hujiambia hivi: "Najua nilitenda, najua hesabu ni sahihi, lakini nikikata rufaa atachoka. Safari ya kwenda Lodwar na kurudi ni gharama. Mkono wake ni mbovu. Atakuja kuniomba tupatane kwa nusu, kisha kwa robo." Rufaa hii ni kasia la pili. Mkono wa kwanza ulivunjwa kwa ubao, na mkono wa pili wavunjwa kwa karatasi. Mwenye kuikata atumia mlango uliojengwa kwa ajili ya wasio na hatia apate kutorokea humo.

Hapa ndipo penye shida ya swali letu. Kwa macho ya watu, rufaa ya mtu mwema na rufaa ya mtu mwovu hufanana. Zote mbili huletwa katika muda wa siku 14 uliowekwa na sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai; zote mbili huandikwa kwa maneno ya adabu; na katika zote mbili mahakama yaweza kusimamisha utekelezaji wa hukumu mpaka rufaa isikizwe. Hatuwezi kufunga mlango ili kumzuia mwovu, maana tutamfungia mwema nje. Sheria imejaribu kuweka kizuizi kidogo: Mahakama Kuu ikisikiliza rufaa juu ya adhabu, ina uwezo wa kuipunguza na uwezo wa kuiongeza. Mwenye kwenda kupimiwa upya na ajue kwamba mizani ina sahani mbili. Lakini kizuizi hicho hakimlishi mdhulumiwa. Yeye angali ufukoni, mkono umefungwa, hana wavu, na methali moja yamhusu kuliko zote: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Je, tufanyeje ili mkosaji apimiwe deni lake kwa haki, na mdhulumiwa asiumie tumbo? Jawabu limo katika yale maswali mawili tuliyoyatenganisha mwanzo. Mdhulumiwa ahitaji msaada sasa. Mkosaji ahitaji hesabu sahihi, hata kama itachelewa. Mahitaji haya hugongana kwa sababu tumeyafunga kwenye kamba moja, yaani tumesema mdhulumiwa asipate kitu mpaka kitoke katika mfuko wa mkosaji. Tukiifungua kamba hiyo, mgongano hupungua. Na alipe kwanza mwingine, kisha huyo mwingine amdai mkosaji.

Wazo hili si geni duniani. Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala yapata miaka 3,750 iliyopita, aliandika katika sheria zake kwamba mnyang'anyi asipokamatwa, aliyenyang'anywa ataje mbele ya mungu mali aliyopotewa nayo, na mji pamoja na mkuu wa mahali hapo wamrudishie. Katika karne ya 20 bibi mmoja wa Uingereza, Margery Fry, aliyewahi kuwa hakimu, alitumia miaka ya mwisho ya maisha yake, katika miaka ya 1950, kuwahimiza watu wakubali kwamba taifa lina wajibu kwa walioumizwa na wahalifu. New Zealand ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1963, na Uingereza ikaanzisha mpango wake mwaka 1964. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulitoa tamko kwamba, pale ambapo mkosaji hawezi kulipa yote, mataifa yajitahidi kuwafidia walioumia vibaya kwa makosa makubwa, na jamaa za waliouawa.

Wala wazo hili si geni kwa wafugaji wa Afrika ya Mashariki. Kwa wengi wao, mtu akimwua mwenzake, ukoo wake wote huchangia mifugo ya fidia. Mdhulumiwa hangoji mpaka muuaji mmoja apate mali. Nyuma yake wapo watu wengi. Baadaye ukoo hujua namna ya kumtengeneza kijana wake. Mfuko wa taifa ni kama ukoo mkubwa, ambao kila mwananchi ni jamaa ndani yake.

Lakini ukoo una mipaka yake, na yatupasa kuitaja bila kuwavunjia wazee heshima. Katika Azimio la Modogashe la mwaka 2001, wazee wa jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Kenya walikubaliana kwamba fidia ya mwanamume aliyeuawa iwe mifugo 100, na ya mwanamke 50. Lilikuwa jambo jema kukomesha kisasi kwa mapatano. Lakini machozi ya watoto wa marehemu mwanamke si nusu ya machozi, na Katiba ya sasa yasema mwanamume na mwanamke ni sawa mbele ya sheria. Tena, tazama mji wa Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi iko tangu mwaka 1992. Mtu aliyekimbia vita peke yake, jamaa zake wametawanyika katika nchi tatu, akivunjwa mkono huko ni ukoo gani utakaokaa chini ya mti kumdai haki yake? Na ukoo wa mkosaji utamwogopa nani? Kwa mtu kama huyo ukoo uliopo ni sheria peke yake.

Sasa tuone jinsi deni linavyoweza kufuatwa baada ya mdhulumiwa kulipwa. Katika New South Wales, jimbo la Australia, aliyeumizwa na mhalifu huweza kulipwa kutoka katika mfuko wa serikali. Kisha serikali humwandikia yule aliyetiwa hatiani amri ya kurejesha fedha hizo. Yeye akiona amri si sawa huweza kuipinga, na baadaye kuomba baraza la sheria liipitie upya. Angalia vizuri, msomaji, kilichobadilika. Ubishi upo vile vile, lakini sasa wabishanao ni mkosaji na mfuko. Mdhulumiwa amekwisha kwenda zake na matibabu yake. Mkosaji mwema apata nafasi ya kusema, "Zilikuwa tatu, si kumi." Mkosaji mwovu apoteza silaha yake, maana hawezi kuuchosha mfuko kwa njaa, mfuko hauna tumbo.

Kwa nini amri hiyo iweze kupingwa? Kwa sababu kiasi kiliamuliwa na mfuko kwa ombi la mdhulumiwa, na pengine mkosaji hakuwapo kilipoamuliwa. Mtu asifungwe na hesabu ambayo hakupata kuiona.

Kuna watakaouliza: kwa nini mlipa kodi mwaminifu alipie ukatili wa mtu mwingine? Swali ni la haki. Jawabu langu ni kwamba taifa limemkataza yule mvuvi asichukue kasia naye akalipize kisasi. Limemwambia, "Weka silaha chini; mimi nitakulinda." Amelitii. Basi ikiwa ulinzi haukufika kwa wakati, taifa haliwezi kumwambia aende akangoje peke yake. Katika nchi ambayo watu wamezoea kuifuata mifugo yao iliyotekwa kwa bunduki, mwananchi aonaye kwamba kutii sheria kwamwacha mikono mitupu hataitii mara ya pili. Fidia ya upesi ni nafuu kuliko kisasi.

Kenya imekwisha kuweka jiwe la msingi. Sheria ile ya mwaka 2014 ilianzisha mfuko wa amana kwa ajili ya waathiriwa. Lakini mfuko ulioandikwa katika sheria ni kama mtungi uliofinyangwa: hautulizi kiu mpaka utiwe maji. Kuujaza ni kazi ya Bunge na ya wananchi walichaguao, na siku moja itakuwa kazi yako wewe kijana usomaye maneno haya.

Hata mfuko ukijaa, iko kazi ambayo hakuna sheria iwezayo kuifanya. Nayo ni kuujua moyo wa mkata rufaa. Ikiwa siku moja utaamriwa kulipa, nawe ukataka kupinga, jiulize mambo matatu kabla hujatia sahihi. Je, nikatazwacho kusema ni kweli, au ni ujanja tu? Je, ile sehemu ya deni nisiyoibisha nimekwisha kuilipa, au naificha nyuma ya ile niibishayo? Je, kama mimi ndiye niliyevunjwa mkono, ningeiona rufaa hii kuwa ni kutafuta hesabu, au ni kutafuta kunichosha?

Swali la pili ndilo mizani ya wote. Yule mvuvi asemaye nyavu ni tatu, akizilipa hizo tatu leo na gharama za mkono, kisha akaenda Lodwar kupinga zile saba, huyo ni mtafuta haki, na watu wa ufukoni wasimcheke. Asiyelipa hata wavu mmoja kwa kuwa anabishania saba, huyo ameikimbia haki huku akilitaja jina lake. Mahakama huenda isiweze kuwatambua mapema. Lakini kila mmoja wao ajijua, na jirani yake aliyefungwa mkono amjua pia.